Gerson Mihambo, Fundi Aliyeng'oa Mapazia

Ndugu zangu mliokaa chini ya turubai hili, na ninyi mliosimama kule barabarani mkisita kuingia, wazee wa ukoo, majirani wa Isevya, wafanyabiashara wa Gongoni, watu wa makanisani na watu wa misikitini, poleni na msiba wetu. Mimi ni Recheli Zefania, dada mkubwa wa marehemu, shule sikupelekwa, kwa hiyo maneno ni yangu na mkono ulioandika ni wa Levina, binti mkubwa wa marehemu, ndiye anayewasomea, na akisema "mimi" mjue ni mimi bibi niliyekaa hapa mkekani karibu na jeneza, si yeye.

Kazi hii nimepewa na familia kwa sababu mimi ndiye niliyebaki ninayejua alivyozaliwa, na nimeifanya kwa hofu, sitawaficha, maana gari lile la kubeba jeneza mnaliona limesimama pale nje na dereva hajaambiwa aelekee wapi. Kijijini kwetu Ngulumbi kaburi limechimbwa tangu jana, kwenye makaburi ya kanisa, kando ya baba na mama, na mchungaji ameketi garini kwake pale kwenye kona akisubiri historia hii. Ikisomwa kwamba Gerson alirudi kanisani kabla hajafa, mchungaji atavaa joho aingie na tutaondoka wote kwenda Ngulumbi, na isiposomwa hivyo atageuza gari, na Gerson hatazikwa kule. Basi tusikilizane taratibu, kila jambo mahali pake.

Gerson Zefania Mihambo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951, kijijini Ngulumbi, barabara ya Sikonge, mtoto wa tatu wa Mzee Zefania Mihambo na Mama Nyamizi, katika masika makubwa yaliyobomoa ukuta wa ghala letu. Babu mzaa baba alikuwa mpagazi, alibeba pembe za watu mpaka pwani akarudi na kanzu moja na Kiswahili, na baba alipenda kutuambia, "Kanzu ilichakaa, Kiswahili ndicho hiki mnachonijibia ovyo." Mimi nilikuwa na umri wa kubeba mtoto tu, mama akaniambia, "Recheli, shika huyu, nikafuate kuni," na tangu siku ile mgongo wangu ulikuwa kitanda chake mpaka alipojua kukimbia, hata leo nikisikia baridi ya kipupwe kama hii, mgongo unajua kwamba kuna mtu hayupo.

Alikuwa mtoto wa maswali. Mama anasonga ugali, yeye amechuchumaa jikoni, "Mama, Mungu analala?" Mama anamjibu, "Halali." "Sasa asipolala, hachoki?" "Hachoki." "Sasa kama hachoki, kwa nini siku ya saba alipumzika?" Mama akamwambia, "Chukua kibuyu, kachote maji," na ndivyo maswali yake yote yalivyokuwa yakijibiwa nyumbani kwetu, hakuna mtoto aliyechota maji kama yule.

Alibatizwa mwaka huohuo wa 1951, akasoma shule ya kijijini kuanzia 1961 hadi 1967 alipomaliza darasa la saba, akapata kipaimara mwaka 1966, akaimba kwaya sauti ya tatu, na mwalimu wake alimwambia baba, "Huyu atakuwa mchungaji au atakuwa tatizo." Baba alicheka. Sisi wengine hatukujua kama tucheke.

Mwaka 1969 alikuja Tabora mjini kwa baiskeli ya baba kujifunza ushonaji Gongoni, na mwaka 1973 alipata nafasi ya kuweka cherehani yake kwenye baraza la duka la vitambaa la Bwana Vinod, Mungu amrehemu, mume wa Mama Nishant mnayemwona ameketi pale mbele, ambaye jina lake ni Urmi. Hapo barazani alishona miaka arobaini na zaidi. Alishona kanzu za masheikh, majoho ya wachungaji, magauni ya maharusi, sare za shule, suruali za madereva wa malori ya Igunga wasiopenda kupimwa kiuno, na Bwana Vinod akitoka dukani akiangalia kazi isiyomridhisha alisema, "Fundi, mkono mmoja umeshafika Urambo, mwingine bado unakata tiketi." Chini ya ngazi za baraza hilo alikuwa anakaa Bi Batuli na beseni lake la vitumbua, na yeye naye hakukaa kimya, "Fundi, Ijumaa watu wamevaa kanzu yako, Jumapili watu wamevaa joho lako, wewe mwenyewe nguo yako ni ipi?" Gerson akamjibu, "Mimi nimevaa iliyochanika, sina muda wa kujishonea." Watu wakicheka, anaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini vifua vyao wote nimevipima kwa utepe mmoja."

Tarehe 9 Septemba 1978 alifunga ndoa ya kanisani na Imakulata, binti wa Mzee Nikolaus, mkulima wa mpunga wa Igunga, na Imakulata akahama dhehebu la kwao akaja la kwetu kwa ajili ya Gerson, nao wakajaliwa watoto watatu, Levina aliyezaliwa 1979, Nikolaus aliyezaliwa 1982 akapewa jina la babu yake, na Advera aliyezaliwa 1987. Walijenga hapa Isevya mwaka 1990, chumba kwa chumba. Imakulata alikuwa akiniambia, "Wifi, nyumba yetu ina mapazia mazuri kuliko bati," na kweli, mapazia Gerson alishona mwenyewe, mazito, ya rangi ya damu ya mzee, yakifungwa hata mchana ndani panakuwa kama jioni. Alisema ni kwa ajili ya vumbi la barabara.

Sasa nifike mahali palipokuwa pagumu. Mwaka 1999, mwezi wa tano, Bwana Vinod alifariki, akachomwa kwa desturi ya watu wake, na Gerson alikwenda, akasimama na wanawe, na mwili ulipowaka akaomba kwa sauti kwa Kiswahili, watu wote wakisikia. Habari zilifika kanisani kabla nguo zake hazijaisha harufu ya moshi. Akaitwa na baraza la wazee, mimi nilikuwa nje kwenye benchi na wanawake wengine, dirisha lilikuwa wazi, nilisikia mzee mmoja akimuuliza, "Uliomba kwa mungu gani pale motoni?" Gerson akasema, "Kwa mmoja. Kwani mzee unajua wangapi?" Wakamuuliza habari ya Baba na Mwana na Roho, akasema Yesu ni mwalimu wake, anampenda na kumfuata, lakini Mungu anaona ni mmoja tu, naye hawezi kuapa asichokiona moyoni. Wakamfungia meza ya Bwana. Hakupiga kelele, alirudi nyumbani akamaliza kushona majoho ya kwaya aliyoagizwa na kanisa hilohilo, akayapiga pasi, akayapeleka.

Miaka miwili akakaa bila pa kusali. Halafu Jumapili moja mwaka 2001 alimkaribisha Mama Nishant, na Bi Batuli, na watu wanne wengine waliokuwa na maswali yao, wakakaa sebuleni kwake saa nne asubuhi, wakawasha taa moja ya kandili katikati, mmoja akasoma, mmoja akasema alichokielewa, na baada yake kukawa na kimya, ili asiyekubali aseme, na aliyesema kwanza alipaswa kumwambia, "Ahsante." Ndiyo ilikuwa ibada. Hakukuwa na kiongozi, hakukuwa na kiapo, kulikuwa na chai ya tangawizi ya Mama Nishant. Bi Batuli alibaki Mwislamu wake, Mama Nishant akabaki Mhindu wake, na Gerson alikuwa akisema, "Tabora hii misafara ililala uwanja mmoja, watu wakaswali na wakaomba kila mmoja kwa namna yake, asubuhi wakachota kisima kimoja, sisi tunarudia tu." Hawakupata kuzidi watu kumi na tisa. Baadaye sana Levina alisoma kwenye simu akamwambia, "Baba, kumbe watu kama ninyi wapo, Nairobi wapo, Ulaya wapo, wanaitwa Waunitaria, wanasema Mungu mmoja na kila mtu na dhamiri yake." Gerson alifurahi mpaka akaacha kula, akasema, "Kumbe hatukuwa wendawazimu peke yetu," lakini jina akalikataa, wakalikataa wote, wakaona jina litawafunga na watu watasema wameletewa na wazungu, kwa hiyo wakakaa bila kibao, bila usajili, bila hata neno la kujiita.

Mimi nilihamia hapa mwaka 2009 nilipofiwa na mume wangu. Nataka ijulikane kwamba sikuwa mmoja wao. Mimi ni mshirika wa kanisa letu, naenda ibada ya kwanza, nasali kwa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na nikirudi nilikuwa nakaa ukumbini nyuma kubangua karanga huku nawasikia, na mara nyingine nilipaza sauti, "Hapo sikubali!" na Gerson akaniitikia kutoka ndani, "Ahsante, dada, endelea na karanga."

Kutokuwa na jina ndilo kosa lao, na lilikuwa kosa ambalo wangeweza kulifanya wao tu. Walidhani ni unyenyekevu. Mtaani watu waliona nyumba yenye mapazia mazito, Jumapili imefungwa, Mhindi anaingia, mwenye hijabu anaingia, mlokole aliyefukuzwa anaingia, taa inawaka mchana, kuimba hakuna, kupiga makofi hakuna, na ukiuliza wanaitwaje, hakuna anayekujibu. Mwaka 2014 vijana watatu wa bodaboda wa mtaa huu walikufa ajalini kwa mwezi mmoja, na mmoja alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, nilimpa karanga tangu akivaa sare ya shule. Hapo ndipo neno Frimasoni lilipoanza kutembea. Nikienda bombani, ndoo zinasogezwa. Mtoto akipita mlangoni kwetu, mama yake anamwita kwa ukali avuke upande wa pili.

Jumapili tarehe 17 Agosti 2014 walikuja. Nilisikia kwanza miguu, watu wengi wakitembea bila kuongea, na hilo ndilo lililonikausha mate, maana watu wa Isevya hawajui kutembea kimya. Kisha zikaja sauti, "Tokeni nje, Frimasoni!" na nyingine, "Leteni hilo jeneza mnalolalia!" na mama wa yule kijana, mama wa watu, analia tu, "Mwanangu mmemuuza kwa nani?" Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Abbasi, huyu aliyekaa hapa, alikuja mbio na kandambili mguu mmoja, mwingine peku, akajipenyeza mpaka mlangoni akasema, "Mzee Gerson, nisaidie nikusaidie, niambie tu mnaitwa nani, niwaambie hawa." Ndani wakatazamana. Bi Batuli akasema, "Sisi ni watu wa Jumapili." Mama Nishant akasema, "Hilo hatukukubaliana." Hata mauti yakiwa mlangoni wao walikuwa bado wanapiga kura! Gerson akatoka akasema kweli tupu, "Mwenyekiti, hatuna jina." Nikasikia mtu akipiga ukelele, "Mmesikia? Hawana jina!" na jiwe la kwanza likaingia dirishani, likamkata Imakulata juu ya jicho, damu ikalifumba.

Gerson aliingia chumba cha kazi, na alipotoka ameshika mkasi wake mkubwa, watu wa mbele walirudi nyuma wakikanyagana, na mimi nilifumba macho kwa sababu nilidhani mdogo wangu anakwenda kuua mtu au kuuawa. Akapanda stuli. Akakata pazia la kwanza likaanguka, akakata la pili, akazunguka nyumba nzima, sebule, vyumba, jiko, aking'oa na fimbo zake, jua likaingia mpaka kwenye kona ambazo hazikuwahi kuliona, akasema, "Haya. Tazameni." Wakatazama. Wakaona mabenchi, kandili, chupa ya chai, mwanamke anavuja damu, na sinia. Kijana mmoja akasema, "Mbona ni vitumbua tu?" Bi Batuli akamgeukia, "Wewe jana ulikula vinne vyangu, na bado unapumua, mpumbavu!" Wengine walicheka, na kicheko kile kikawarudisha watu wachache nyumbani, kisha wengi, na yule mama aliyefiwa ndiye aliyeondoka wa mwisho.

Msije mkadhani hofu iliondoka nao. Tulikuta majivu mlangoni, tulikuta kuku mweusi asiye na kichwa, miezi mingi tuliweka ndoo za maji karibu na kila kitanda kwa kuogopa moto. Waliokuwa wanakuja Jumapili wakabaki sita. Lakini mapazia hayakurudi tena, mnajionea wenyewe, miaka kumi na mmoja fundi wa mapazia ameishi nyumba isiyo na pazia, kila mpita njia anatuona tukila, tukigombana, tukisali.

Ugonjwa ulianza Novemba 2023, chakula kikawa kinakwama, Machi 2024 hospitali ya mkoa ikagundua ni saratani ya koo la chakula, akapelekwa Dar es Salaam kwa mionzi, akarudi Septemba amekuwa mwepesi hata mimi kikongwe ningeweza kumrudisha mgongoni. Alilazwa sebuleni kwa sababu ndiko kwenye hewa, kitanda karibu na dirisha, na hata kufa, jamani, amekufa mkimwona.

Jumapili iliyopita, tarehe 8 Juni 2025, saa kumi jioni, mchungaji alikuja na Anton. Anton ni mtoto wa baba yetu mdogo, ni mzee wa kanisa, na sitaki mtu amfikirie vibaya, huyu ndiye aliyenichimbia choo mvua zilipobomoa cha zamani, na analia kweli. Wakaketi kitandani. Wengi mlikuwa barabarani mnatoka sokoni, mlisimama, mkaona mchungaji ameinama, mkaona Gerson anasogeza midomo, mkaona mchungaji anamwekea mkono kichwani, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulishasema amerudi. Mliona. Hamkusikia. Aliyesikia ni mchungaji, ni Anton, na ni mimi niliyekuwa nimeshika kikombe cha maji.

Gerson alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa moja asubuhi, mkononi mwa Imakulata. Jana Anton alikuja kwangu, akaniamkia vizuri, "Shikamoo dada," nikamwitikia, akachuchumaa hapa mbele yangu akasema, "Dada, kesho katika historia, sema alichosema kwa mchungaji." Nikamwambia, "Nitasema." Akasema, "Sema alisema, 'Nampenda Yesu.' Ukomee hapo. Sikuambii useme uongo, dada. Nakuambia ukomee hapo." Nikamuuliza, "Na yaliyofuata?" Akafuta macho kwa shati, akasema, "Yaliyofuata yatamlaza peke yake kati ya watu asiowajua. Mimi siwezi kulala nikijua Gerson yuko peke yake. Halafu kaburi nimeshachimba, dada. Unajua wazee wanavyosema juu ya kaburi la ukoo lililochimbwa likakosa mtu. Litamwita mwingine. Nikolaus ana watoto wadogo."

Nikolaus mwenyewe, aliyekuwapo, aliinuka akaenda kupanga viti, na mimi najua kwa nini, binti yake mkubwa anatangazwa ndoa kanisani mwezi wa nane. Nikamwita Imakulata, maana maiti ni yake kabla haijawa yetu. Akaniambia, "Wifi, watu wataondoka, mimi nitabaki nyumba hii. Kikongwe, mjane, macho mekundu ya moshi, nyumba inayoitwa ya Frimasoni. Unajua wanavyofanywa." Najua. Kila mtu hapa anajua, katika mikoa yetu hii tumezika wanawake kama yeye, waliouawa kwa kuitwa wachawi. Nilikuwa nimeshaamua kukomea pale Anton alipotaka. Lakini Imakulata akagusa kovu lake juu ya jicho, akasema, "Jiwe hili nilipigwa kwa ajili ya maneno yake. Yasemeni yote, nisije nikawa nilipigwa bure."

Basi leo asubuhi maandishi yalipofika hapa, Levina aliinua kalamu akaniuliza, "Shangazi, nikomee?" Nikamwambia, andika.

Mchungaji alimuuliza, "Gerson, unamkubali Bwana Yesu?" Gerson akasema, kwa sauti ile iliyobaki kama karatasi, "Nampenda Yesu." Mchungaji akauliza, "Unakiri kuwa yeye ni Mungu, mmoja katika Utatu, urudishwe kundini?" Gerson akapumzika, nikamlowesha midomo, akasema, "Hilo hapana, mchungaji. Nilimfuata maisha yangu yote bila hilo. Usinirudishe mahali, sijapotea. Ahsante kwa kuja." Mchungaji akamwekea mkono kichwani akamwombea, akaondoka, na mchungaji mwenyewe yuko pale kwenye kona, dirisha la gari limeshushwa, kama nimeongeza neno aje aseme.

Mimi sikubaliani na mdogo wangu. Naamini Utatu, nitakufa nikiuamini, na katika miaka yote hii sikumficha. Lakini haya ndiyo maisha yake, si yangu, siwezi kuyapindia upindo mahali ninapopenda mimi. Hakurudi. Alikufa kama alivyoishi tangu mwaka ule wa moto wa Bwana Vinod, anampenda Yesu, anamwomba Mungu wake mmoja, pamoja na watu sita na kandili.

Mwenyekiti Abbasi amesema nafasi ipo makaburi ya manispaa, na vijana wako tayari na majembe. Dereva, sasa unajua njia.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa na wa Dar es Salaam, waliomgusa mdogo wangu bila kumuuliza dini, nawashukuru mafundi wenzake wa baraza la Gongoni waliomletea uji na utani mpaka wiki ya mwisho, Mama Nishant na wanawe waliotoa kitambaa cheupe alichovishwa, Bi Batuli na wenzake watano wa Jumapili, na majirani wote wa Isevya, mliokuja kupika, mliokuja kukaa, na ninyi mlioishia barabarani, nawashukuru kwa kufika hapo mlipofika. Namshukuru yule mama wa kijana wa bodaboda. Alikuja jana na kuni, akazitua, akarudi kwake.

Na wewe Anton, kaka yangu, nakushukuru kwa jasho lako. Wapigie simu wachimbaji wa Ngulumbi waambie wasilihuzunikie lile kaburi. Mimi nimebatizwa pale, sijawahi kufungiwa meza, mchungaji hana neno juu yangu, ni dada mkubwa na ni zamu yangu kuliko ya mtu yeyote aliyekaa chini ya turubai hili. Walifukie kwa sasa, waweke na kigingi, waandike Recheli. Kama linataka mtu wa ukoo, limeshapata, lisimguse Nikolaus wala watoto wake, na nisisikie mtoto yeyote wa nyumba hii akitishwa nalo tena. Litanisubiri. Nitalala kando ya mama, mahali pake Gerson palipobaki patupu, naogopa, wacha niseme, naogopa sana, lakini nitawaeleza wazazi wetu mimi mwenyewe alikokwenda.

Gerson, mtoto wa mgongo wangu, pumzika kwa amani, pale watakapokulaza.